Mlinzi wa Shamba Tupu

Shamba tupu, mlinzi wake sanamu.

Ndivyo alivyosema baba yenu asubuhi, alipompita yule fundi wa redio anayefungua kibanda chake kila siku ingawa hakuna aliyempelekea redio tangu mwaka juzi. Ninyi mkacheka. Mimi sikucheka, na mama yangu Mbeyu angekuwepo naye asingecheka. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, nitawaambia, ila mikasi isisimame. Zabibu huchambuliwa kwa mikono, masikio hayana kazi hapo, na lori halitangoji hadithi ya mwanamke mzee.

Methali hii ilianza hivi, na ilianzia hapa hapa mlipokaa.

Zamani hapakuwa na mzabibu hata mmoja katika kijiji hiki. Kuanzia mlimani hadi korongoni lilikuwa shamba la uwele la babu yangu, Chilongani. Kwetu sisi Wagogo uwele ulikuwa ndio ugali, ndio pombe, ndio heshima ya mtu. Mgeni akikuuliza hali yako, alikuwa anauliza ghala lako limefika wapi. Asiyekuwa na uwele alijibu kwa sauti ndogo.

Na adui wa uwele ni kwelea, yule ndege mdogo. Mkimwona mmoja mtamwonea huruma, hajazi hata kiganja. Wakija wote jua linafifia. Kwa hiyo kila msimu, mashuke yakianza kutia maziwa, mwenye shamba alipanda dungu, yaani jukwaa la miti lililosimama katikati ya shamba, akakaa huko na teo lake na rundo la vidonge vya udongo mkavu, akirusha na kupiga kelele mchana kutwa. Kazi hiyo inaitwa kuamia, na Chilongani alikuwa bingwa wake. Watu walisema akipiga ukelele upande huu wa korongo, ndege walioko ng'ambo wanaahirisha safari.

Kulikuwa na desturi. Siku ya kupanda dungu, mwenye shamba alivua shati lake la kulimia, likiwa na jasho lake, asilifue, akaivisha sanamu. Sanamu yenyewe ilikuwa nguzo iliyosimikwa kati ya uwele, mikono ya fito, tumbo la majani makavu, kichwa cha kibuyu. Shati lile lilikuwa la kuliambia shamba linalindwa na nani. Kisha aliapa mbele ya majirani: "Sishuki mpaka nivune." Baada ya hapo aliletewa chakula huko huko na alilala huko huko, na hakuna aliyeruhusiwa kumshusha. Anayemshusha mlinzi kabla ya mavuno amelilaani shamba, na shamba lililolaaniwa humfuata mtu mpaka kwa wajukuu. Mavuno yakifika, mlinzi alishuka na shuke la kwanza mkononi, na sanamu ikachomwa moto. Wazee wetu walikifikiria kila kitu katika desturi ile isipokuwa kimoja. Hawakuufikiria mwaka usio na mavuno.

Miaka ya namna hiyo ikaanza kuja. Mvua ilikuwa inaanza vizuri, halafu inakata pale pale uwele unapoihitaji. Udongo ulikuwa umechoka. Shamba nalo lilikuwa limepungua, maana baba yake Chilongani alikuwa na wana wanne, na ardhi haizai ardhi nyingine. Vichaka vilikatwa, majani pori yakaisha, na kwelea waliokuwa wakila mbegu za porini wakahamia mashambani kwa watu. Ghala lililokuwa likivuka mwaka likawa linaisha kabla ya jua kali. Aliyekuwa akilikwangua ni bibi yangu Nyemo, mke wa Chilongani, na anayekwangua ghala ndiye anayejua kina chake.

Nyemo alienda kufanya kibarua katika bustani ya padri, nyuma ya mlima, akajifunza kupogoa mizabibu. Wakati huo huo barabara ilikuwa imefika, na pamoja na barabara wakaja watu wa malori kutafuta zabibu, hawazipati za kutosha. Nyemo akaomba vipande vya mizabibu vilivyopogolewa. Akavipanda korongoni, mahali ambapo ukichimba mchanga kidogo unakuta maji.

Jirani yao Mazoya, ambaye shamba lake lilipakana na lao, alisimama akamwangalia mpaka akachoka.

"Chilongani!" aliita. "Mkeo analima pipi!"

Walicheka wote wawili. Nyemo aliendelea kumwagilia.

Mwaka wa pili mizabibu ikazaa. Lori lilikuja likachukua, na Nyemo akarudi nyumbani na magunia ya unga, dawa ya kifua ya Mbeyu na viatu vyake vya kwanza. Chilongani alikula ugali ule. Alipomaliza kunawa ndipo akasema, "Unga wa kununua hauna jina."

"Lakini una shibe, Baba Mbeyu," Nyemo alijibu. "Tujaribu na nusu ya shamba la juu. Uwele tuuache kidogo, wa kutosha sisi wenyewe."

"Baba yangu amelala katika shamba hilo. Nikimfunika kwa majani ya kigeni, atanijuaje?"

Msimcheke. Mtu hauachi uwele kama anavyovua kofia. Mimi nimekula zabibu hizi maisha yangu yote, lakini jibu lile hunichoma hadi leo.

Basi msimu ukafika, Chilongani akaivisha sanamu shati lake, akaapa, akapanda. Siku ya tisa, asubuhi, kwelea walitoka upande wa mbuga. Nyemo alikuwa korongoni, akaona kivuli kinapita juu ya maji ya kisima chake. Alimsikia mumewe akipiga kelele. Kelele zile ziliendelea mpaka zikakauka, na teo likalia mpaka vidonge vikaisha. Jua lilipofika utosini ndege wakainuka kwa pamoja wakaenda zao. Mabua yalikuwa yamesimama yote, mazuri, marefu, na hapakuwa na punje hata moja juu yake.

Nyemo alikwenda chini ya dungu. "Pole, mume wangu. Shuka twende nyumbani."

"Sijavuna," alisema Chilongani.

"Hakuna cha kuvuna."

"Basi nitangoja."

Nyemo alidhani ni uchungu wa siku moja. Kesho yake alipeleka ugali na mlenda, akamkuta amekaa vile vile, teo mapajani, uso umeelekea mbuga. Keshokutwa hivyo hivyo. Aliposalimu, jibu lilichelewa. Ilikuwa kama mtu aliyeko mbali sana, salamu inamfikia kwanza, halafu ndipo anakumbuka kwamba huwa inajibiwa. Wiki ya pili chakula kikaanza kurudi kama kilivyokwenda. Majirani waliopita njiani walipaza salamu, "Mbukwa, Chilongani!" na wakaona mkono unainuka taratibu na kushuka. Waliridhika, wakaenda zao. Nyemo ndiye aliyekuwa akisimama karibu, na ndiye aliyeona kwamba mkono huinuka pale tu upepo unapovuma.

Siku moja alimkuta kwelea ametua juu ya goti la mumewe. Ndege mzima, mwenye macho, anajichokonoa manyoya kwa raha zake. Nyemo alipiga makofi akamfukuza.

"Mwache," alisema Chilongani bila kugeuza kichwa. "Hajui kama kuna mtu."

Nyemo alirudi nyumbani katika jua la saa sita. Hofu yake ilikuwa moja, na aliijua vizuri. Alikuwa anampoteza mumewe huku anamwona pale pale alipokaa, na desturi ilikuwa imemfunga mikono asiweze kumgusa.

Kesho yake alipita kwenye sanamu. Hakuwa na sababu ya kuiangalia, maana ilikuwa kitambaa na majani. Lakini shati lilikuwa limeloa. Chini ya makwapa na mgongoni, kote limelowa, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Aliligusa, akanusa vidole vyake. Lilikuwa jasho, tena jasho analolijua, la mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na minne. Akageuka kumwangalia mumewe kule juu. Shati alilovaa lilikuwa kavu, na upepo ulipolipiga lilitoa mchakacho wa mabua.

Ndipo akasikia nyuma yake sauti ndogo, yenye mchanga. "Nyemo, nina kiu."

Haikutoka juu. Pale juu midomo haikutikisika.

Bibi yangu alikuwa mtu wa kawaida. Aliogopa panya. Lakini siku ile hakukimbia. Alichukua kibuyu cha maji alichokuwa amemletea mumewe, akakiinua, akamwagia maji juu ya kichwa cha ile sanamu, taratibu, mpaka shati likachuruzika. Na kule juu ya dungu koo la Chilongani likapanda na kushuka. Alikuwa anameza.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mazoya, akamkuta anasuka kamba. Akamweleza. Mazoya hakucheka safari hii. Naye alikuwa amekwisha kuona mambo kule juu ya dungu na alikuwa amenyamaza.

"Nisaidie tumshushe," Nyemo alisema.

"Siwezi. Nawe huwezi. Kiapo kile ni kati yake na shamba, Mama Mbeyu. Mimi si shamba, wewe si shamba. Madamu shamba limesimama, mlinzi hashuki."

"Na shamba lisipokuwepo?"

Mazoya aliacha kusuka. "Shamba litakosaje kuwepo?"

Nyemo alikuwa amekwisha kuinuka.

Asubuhi alianzia pembeni kabisa, karibu na njia, na jembe lake. Aling'oa bua la kwanza, akalitupa. La pili. Akamaliza mstari mmoja, akaingia mwingine. Mazoya alikuja mbio.

"Unalilaani shamba!"

"Nimemshusha nani? Mlinzi yuko juu kule, mwangalie. Mimi nang'oa mabua yangu yasiyo na kitu. Desturi imekataza?"

Desturi haikukataza, maana hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu mwenye akili angefanya hivyo. Mazoya alisimama kwanza. Kisha alitazama juu, akaona kitu kilichomfanya avue shati na kuchukua jembe la pili. Uso wa Chilongani, uliokuwa mkavu na wa kijivu, ulikuwa umeota tone moja la jasho.

Waling'oa siku ile na ya pili na ya tatu. Kila walipokaribia katikati ya shamba upepo ulipungua, na mwishowe hata majani hayakutikisika, wakawa wanasikia pumzi zao na pumzi nyingine ya tatu. Mchana wa siku ya tatu palibaki mabua machache, nayo yalikuwa yameizunguka ile nguzo. Nyemo alipolishika moja, sauti ikatoka tena kwenye shati.

"Mama Mbeyu, using'oe hayo."

"Nitayang'oa, baba."

"Mimi ni mlinzi wa uwele. Nikishuka nitakuwa nani?"

Nyemo alilia hapo. Alikuwa hajalia siku zote zile. Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono wenye udongo, akasema, "Utakuwa Baba Mbeyu. Kazi hiyo hakuna ndege aliyeila."

Akaling'oa. Akang'oa na mengine. Kisha akaikumbatia nguzo ya sanamu na kuivuta, isitoke. Fito na majani, jamani, kitu ambacho mtoto angekibeba, ilikuwa nzito kama mtu mzima anayekataa kuondoka. Mazoya aliishika upande wa pili. Walivuta pamoja, wakatikisa, wakavuta tena, na ghafla ikawa nyepesi, wakaanguka wote wawili chali na rundo la majani makavu juu yao. Papo hapo dungu, lililokuwa limeacha kulia kwa wiki kadhaa kana kwamba halina mzigo, likalia. Mti mmoja ukavunjika, ukafuata mwingine, na Chilongani akaporomoka chini na uzito wake wote.

Alikuwa hai. Walimwosha wakatoa mabua katika mikono ya nguo yake, na mengine chini ya kucha, ambayo Nyemo hakupenda kabisa kuyazungumzia. Alikula, akalala, akainuka. Mbeyu alipomletea maji alimshika kichwani, kwa hiyo walijua anamjua. Lakini sauti haikurudi. Hakusema neno siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka ule.

Nyemo alipanda mizabibu shamba lote la juu, akabakiza ngwe mbili za uwele nyuma ya nyumba, kama alivyokuwa amesema. Chilongani alichimba mashimo, akasimika nguzo, akafunga waya. Hakuna aliyepogoa vizuri kuliko yeye. Jambo moja tu hakuliweza. Ndege hawakumwogopa tena. Mtu aliyekuwa akiwaahirishia safari, sasa walitua mabegani mwake wakati anafanya kazi, wawili watatu, wakatulia. Yeye hakuwafukuza. Mama yangu aliniambia utoto wake wote alilinda vitu viwili, zabibu na baba yake.

Mazoya yeye alibaki na uwele peke yake. Nyemo alimpelekea miche, akaiacha ikauka mlangoni. "Yaliyompata Chilongani ni ya Chilongani," alisema. Na watu hawakumlaumu, maana mwaka mmoja mvua ikanyesha vizuri akajaza ghala, akawapigia ngoma. Mwaka wa pili kwelea wakarudi. Walilimaliza shamba lake asubuhi moja, na Mazoya, aliyekuwa juu ya dungu kwa kiapo, hakushuka.

Siku ya nne mkewe alikuja akilia. Nyemo alikuwa anajifunga kanga atoke naye, mkasi ukaanguka. Chilongani ndiye aliyeuangusha. Alikuwa amekwisha kuvuka mpaka, anatembea kati ya mabua matupu ya jirani yake, na ndege wawili wako mabegani.

Alisimama chini ya dungu. Mazoya kule juu alikuwa ameelekea mbuga, na hakugeuka.

"Mazoya," alisema Chilongani.

Watu waliokuwa njiani walisimama. Ilikuwa sauti yake ya kwanza katika miaka miwili, na ilitoka imepasuka, kila neno kwa shida yake.

"Mazoya. Tazama huku. Shamba tupu, mlinzi wake sanamu."

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha kichwa cha Mazoya kikaanza kugeuka, kidogo kidogo. "Nimeapa," alisema. "Sijavuna."

"Hata mimi niliapa. Mimi ninalijua kaburi hilo, nimekaa ndani yake. Kwanza halina uchungu. Unafikiri unangoja. Halafu mtu wako anakuita, unamsikia, na huwezi kumjibu, maana wewe hupo tena, kuna shati tu. Mimi nilivutwa na watu wawili na bado sikutoka mzima." Akainua mkono, akawashika wale ndege mabegani mwake mmoja mmoja, akawaonyesha. "Hawa wanajua. Shuka mwenyewe, Mazoya, leo, ungali na sauti."

Mazoya aliwatazama wale ndege. Halafu akaitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, kana kwamba anahesabu vidole. Akashuka. Alishuka kwa haraka mpaka kipago kimoja kikakatika, akafika chini analia kama mtoto, na mkewe akamshika.

Hakuna shamba lililolaaniwa. Msimu uliofuata Mazoya alikuja mwenyewe kuomba miche, na ngwe zake za uwele akazibakiza, kama sisi. Kwelea bado huja, mnawaona. Wanakuta watu wa kuwafukuza, na wakishinda siku moja, sisi hatukai juu kuwaangalia wanakoelekea.

Ndiyo hiyo, wajukuu zangu. Mkimwona mtu amekalia kitu kilichokwisha, msipite mkimpungia mkono kama wale majirani waliosema "Mbukwa" wakaridhika. Sogeeni. Simameni chini yake, mmwite kwa jina lake, mngoje mpaka kichwa kigeuke. Kwa sababu anayekaa pale akichelewa kuitwa, siku mtakayomwita hatakuwa mtu. Shamba tupu, mlinzi wake sanamu.